Ukuta Uliojengwa Edani

Watu wa Kisauni walisema Waridi binti Kaviha alizaliwa na ukuti mkononi. Mkunga aliyempokea aliapa wallahi kwamba kitoto kile, kabla hakijalia, kilitazama juu kikaonyesha kwa kidole mahali paa linapovuja. Mkunga alikuwa mwongo mashuhuri, lakini paa lile kweli lilivuja, kwa hiyo hakuna aliyembisha.

Lisilo na ubishi ni kwamba Waridi hata hajavunja ungo alikuwa mshonaji wa makuti asiye na mfano, tangu Ziwa la Ng'ombe hadi kwenye daraja la Nyali. Alikunja majani ya mnazi juu ya ufito, akayabana, akayashona kwa kamba ya usumba mpaka yakawa kiungo kimoja cha kuezekea, akakitupa kando, akashika ufito mwingine. Vidole vyake viliota sugu ngumu, mbu waliojaribu kumuuma hapo walirudi kwao na midomo iliyopinda. Aliwashonea mapaa nusu ya Kisauni. La kwake mwenyewe hakuwa nalo, mpaka alipoolewa na Matano.

Matano alikuwa Mdigo wa Matuga, kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Alijenga nyumba ya miti na udongo ndani ya shamba la minazi la Bi Sheikha. Bi Sheikha alikuwa bibi wa ukoo wa kale, na shamba alilirithi kwa babake. Nyumba ilikuwa ya Matano na ardhi ilikuwa ya Bi Sheikha, wala hapana aliyeona ajabu, kwani mtaa mzima uliishi hivyo. Hati haikuandikwa. Bi Sheikha alisimama juu ya uwanja, akachora mstari kwa mkongojo wake, akasema:

"Weka nyumba yako hapa. Kila mwaka utaniletea kodi ya uwanja, na mkeo atanishonea korja ya viungo, ishirini kamili. Lakini iwe udongo, Matano. Udongo na miti na makuti. Jiwe sitaki kulisikia."

"Kwa nini, Bi Sheikha?" aliuliza Waridi, aliyekuwa bado bi arusi mwenye hina miguuni.

"Kwa sababu udongo ni mgeni, mwanangu. Siku akiambiwa ndia ile pale, huondoka. Jiwe likishapigwa msingi huenda kwa kadhi likasema lilizaliwa hapa."

Na kweli udongo ulikuwa ukiondoka. Mtu alipohama Kisauni hakuiacha nyumba yake. Majirani walialikana mweria, kazi ya mikono mingi inayolipwa kwa chungu cha chakula, wakashusha makuti, wakang'oa boriti, wakautwika mlango. Waridi aliwahi kuona nyumba nzima ikipita njiani asubuhi, mlango mbele, boriti katikati na jogoo juu yake anawika, na kabla ya alasiri moshi wa mchuzi ulikuwa ukitoka ndani ya nyumba ileile mahali pengine. Umaskini ulikuwa na hiyo faida moja, nyumba yako ilijua kutembea.

Walikaa humo miaka ishirini na mitatu. Mtoto hawakujaliwa. Mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na moja, Matano alianza kukohoa. Alikohoa miezi mitatu, na ule upana wa mabega ukamtoka kama hewa ndani ya mpira, hata akawa mtu wa kugeuzwa kwa mkono mmoja. Mwezi wa Agosti alikufa, kitandani, kwenye pembe ya upande wa kibla. Waridi akavuliwa bangili na herini, akavishwa nguo nyeupe zisizo na ua, akakalishwa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, haonwi na mwanamume wa kando, wala sauti yake haivuki mlango.

Akawa anahudumiwa na jirani yake Dhahabu, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na mdomo usio na pazia. Dhahabu alileta uji, maji na habari zote za mtaa, hata zile ambazo zilikuwa bado hazijatokea.

Arubaini ilipopita wakaja ndugu wawili wa marehemu kutoka Matuga. Walikaa nje ya dirisha, wakatoa pole, wakasema nyumba ni ya urithi. Robo ni ya mjane na iliyobaki ni yao, na wao wanataka kuuza. Waridi aliwasikiliza nyuma ya pazia. Alitazama pembe ya kibla, kitanda kilivyokaa. Akafungua kifundo cha leso, akatoa bangili zake zote sita za dhahabu alizotunzwa na mamake, akampa Dhahabu.

"Wape. Waambie nainunua. Nataka nife pale alipofia yeye, basi. Sina haja nyingine duniani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shauku yake yote. Wengine hutaka hija, wengine wajukuu. Waridi alitaka pembe moja ya chumba.

Mwandishi wa hati ya mauzo alikuwa Elkana, Mtaita aliyefanya kazi kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Elkana alisifiwa kwamba anajua kusoma barua hata kabla haijafunguliwa. Siku ya tatu alirudi, akasimama nje ya dirisha na karatasi mkononi.

"Hodi hapo! Bi Waridi, usinijibu, najua uko edani. Sikiliza tu. Kuna tangazo limetoka. Mtu aliyenunua nyumba ya kukaa mwenyewe, akaitia ukuta wa mawe kabla mwaka haujaisha, anasamehewa kodi ya nyumba miaka mitano. Mitano, mama! Majirani kumi watie dole gumba kwamba wanamjua na watamsaidia kuitunza. Na hati ya kununua unayo, kalamu yangu haijakauka."

Ndani, Waridi alishika kidevu. Kodi ya nyumba aliilipa Matano kwa mgongo wake. Sasa mgongo ule ulikuwa mchangani, na viungo vya makuti, hata ushone mpaka vidole vitoke moshi, haviwezi kumlisha mtu na kumlipia kodi ya uwanja na kodi ya nyumba pamoja. Lakini mawe! Alimwita Dhahabu kwa kidole, akamnong'oneza.

"Anasema atafikiri," Dhahabu alitangaza dirishani.

"Afikiri upesi," alisema Elkana. "Disemba haina miguu mifupi."

Huenda angefikiri mpaka mwaka uishe, kama si mvua. Mvua ya vuli ya mwaka ule haikunyesha, ilimwagwa. Kambare walionekana wakivuka njia ya Malindi mchana kweupe, wakitazama huku na huku kwanza wasije wakagongwa na lori. Minazi ilisimama majini hadi magotini. Nyumba za udongo zikaanza kulainika kama mkate ndani ya chai. Asubuhi moja ya Novemba ukuta wa Waridi wa upande wa kibla uliinama, ukapiga magoti, ukalala juu ya kitanda. Yeye alikuwa ameondoka hapo kuchukua udhu. Aliporudi aliona njia, na watu njiani, na watu wakamwona yeye, mjane katika nguo zake nyeupe, hana pa kujificha. Alijitupa chini akajifunika mkeka.

Mtaa ulipandwa na ghadhabu. Mjane wa eda kukaa wazi mithili ya mbuzi sokoni! Jioni ileile kamati iliketi, na aliyesimama kumpinga Elkana hakupatikana.

"Tukimkandikia udongo, mvua ya kesho itauchukua," Elkana alisema. "Tumtie mawe. Tutakuwa tumemsitiri, na kodi amesamehewa. Mweria!"

Na wakaja. Wakaja Wagiriama, Wadigo, Waswahili wa mtaani na Wakamba wa Changamwe ambao hata jina la marehemu hawakulijua. Walibeba mawe kutoka timboni kwa vichwa, kwa mikokoteni, kwa baiskeli. Wanawake walileta maji na chokaa. Mzee Ruwa, aliyekuwa na jicho moja, alipiga kamba ya msingi na kuapa kuwa jicho moja huona mstari vizuri kuliko mawili, kwa sababu mawili hugombana.

Waridi alikuwa amehamishiwa chumba cha kati, nyuma ya mapazia matatu. Alisikia sururu. Alisikia jiwe la kwanza likikaa. Dhahabu aliingia na bakuli la uji, akachutama karibu naye.

"Shoga, Bi Sheikha amejua jambo hili?"

Waridi alikoroga uji.

"Nakuuliza wewe. Bi Sheikha amejua?"

"Mtu wa eda hana kauli nje ya mlango."

"Kauli ya kuomba sukari mbona unayo? Niambie mimi, nitakwenda kumwambia Elkana wasimame kwanza. Nusu saa tu nimefika kwa Bi Sheikha na kurudi."

Nje, watu waliimba. Jiwe la pili likakaa, na la tatu. Waridi alijua. Hakusahau hata neno moja la siku ile ya mstari wa mkongojo. Angeweza kusema, "Nenda." Neno lenyewe fupi, hata eda isingelihesabu. Lakini alikuwa amekwisha kulisikia jiwe, na mtu aliyelala miaka ishirini na mitatu akisikia mchwa, akisikia jiwe masikio hayamrudii.

"Uji wako umepoa," alimwambia Dhahabu, ingawa uji ulikuwa wake mwenyewe.

Kwa siku kumi na moja ukuta ulimzunguka. Ulipanda polepole, ukakata mwanga kwanza wa miguu ya wapita njia, kisha wa vifua, kisha wa vichwa. Paa lilibaki lake la makuti. Katikati ya Disemba akaja mkaguzi na nyundo ndogo, akaugonga ukuta kama daktari anayegonga kifua, akasoma madole kumi yaliyotiwa wino. Akapigilia juu ya mlango kibati chenye namba. Nyumba ile haina kodi miaka mitano. Mtaa ulipiga vigelegele. Waridi, ndani, alilia bila sauti, na hakumwambia mtu ni kilio cha furaha au cha namna nyingine.

Siku ya kutoka eda, Bi Sheikha alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee sana sasa, mguu mmoja umevimba, anashikwa mkono na mtumishi. Alileta leso mbili mpya na udi. Alifika mlangoni, akanyoosha mkono kushika ukuta ili apande kizingiti. Mkono ukasimama pale. Ukapapasa chini, ukapapasa juu.

"Waridi."

"Abee, Bi Sheikha. Shikamoo."

"Marahaba. Hiki n'nachoshika ni nini?"

Wanawake waliokuja kumuosha mjane waliweka chini ndoo zao.

"Ni ukuta, Bi Sheikha."

"Mato yangu yameingia ukungu, mikono haijaingia. Nakuuliza tena."

"Jiwe," alisema Waridi.

Bi Sheikha aliketi kwenye kizingiti, si ndani wala si nje. "Nilikupa mahali pa kuweka nyumba. Sikukupa mahali pa kuotesha jiwe. Kwa nini hukuniletea neno?"

"Nilikuwa edani."

"Na Dhahabu naye alikuwa edani? Ameacha lini kutembea huyo?"

Dhahabu, kwa mara ya kwanza tangu atoke tumboni mwa mamake, alijificha nyuma ya mlango.

"Mimi nitakufa karibu," Bi Sheikha alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Shamba litakuwa la Mahfudh, mwana wa ndugu yangu. Yule hulala na magazeti. Kila siku anasoma bendera itashuka, mwambao utakwenda huku, mwambao utakwenda kule, wapangaji watachukua mashamba. Akiliona jiwe hili hatauliza limewekwa na nani. Livunje, mwanangu. Bado mbichi. Rudi kwenye udongo, uzeeke salama."

Waridi alimbusu mkono. Kesho yake, akiwa amevaa leso mpya, alikwenda barazani kwa Elkana.

"Nivunjieni," alisema.

Elkana alicheka, akidhani ni mzaha wa mjane aliyeona jua. Alipoona si mzaha alichukua karatasi. "Bi Waridi, masharti haya hapa. Ukuta ukiondolewa kabla ya miaka mitano, kodi iliyosamehewa italipwa na wale kumi waliotia dole. Mzee Ruwa atalipa na nini? Jicho lake? Na tena, mama, tumeumia migongo. Uhuru unakuja. Ukuta ule si wako peke yako sasa. Ni wa mtaa."

Alirudi nyumbani akauegemea ukuta wa mtaa. Asingeweza kuwatia watu kumi hatarini, na moyoni, Mungu amsamehe, asingeweza pia kuuvunja. Basi akafanya alichokijua. Alichanganya udongo mwekundu na maji, akakandika jiwe lote la upande wa njia kuu, kwa kiganja, mpaka nyumba ikarudi kuwa kibanda kama vibanda vingine. Upande wa uani aliacha mawe wazi kwa ajili ya mkaguzi. Ikawa nyumba pekee Pwani nzima iliyokuwa maskini mbele na tajiri nyuma.

Bi Sheikha alipopita mwaka uliofuata, alisimama akaugusa ukuta, udongo ukambaki vidoleni.

"Udongo mzuri," alisema.

"Wa kisimani, Bi Sheikha."

"Ushindilie. Usiache nyufa." Wakaangaliana, ajuza haoni na mjane anaona, wakacheka mpaka mtumishi akageuka pembeni kwa aibu. Hicho kilikuwa kicheko chao cha mwisho. Kabla ya Ramadhani Bi Sheikha alikufa, na mstari wa mkongojo ukafa naye.

Masika ya mwaka wa sitini na tatu hayakuwa makali. Yalikuwa mapole, ya kudumu, ya kunyonya. Kila jioni Waridi alikandika, na kila asubuhi mvua ilikwisha kuosha. Alikandika akihema, akikohoa kidogo, kikohozi alichokifahamu. Siku tatu homa ilimlaza. Siku ya nne, alipofungua mlango, Mahfudh alikuwa amesimama njiani chini ya mwavuli mweusi, amekuja kuhesabu minazi yake. Mbele yake nyumba ilikuwa imevuliwa nguo. Udongo wote ulikuwa tope miguuni, na mawe yalikuwa yanang'aa, meupe kama meno.

"Sabalkheri, Bi Waridi."

"Sabalkheri, Bwana Mahfudh. Karibu ndani, mvua."

"Nimeshakaribia vya kutosha." Hakupandisha sauti. Alikuwa kijana wa adabu. "Shangazi yangu alikupa uwanja wa udongo. Huu wa mawe umepewa na nani?"

"Mvua ya mwaka ule iliangusha ukuta. Nilikuwa edani, majirani..."

"Sikuulizi habari za majirani. Disemba bendera itabadilika, na kila jiwe lililo juu ya ardhi yangu litaitwa shahidi. Mimi naondoa mashahidi mapema. Mwisho wa Oktoba, Bi Waridi, uchukue nyumba yako uende. Desturi naijua, sitakudhulumu. Boriti zako, makuti yako, mlango wako, vyote chukua."

"Na ukuta?"

Mahfudh alitazama ukuta, kisha akamtazama yeye, karibu kwa huruma. "Kama unaweza kuubeba, ubebe."

Hapo Waridi alielewa alichonunua kwa bangili sita. Nyumba ya udongo ingetembea. Angeialikia mweria wa siku moja, na kesho yake angelala ndani yake Likoni au Changamwe au popote, pembe ya kibla ikiwa palepale. Hii waliyompa kwa mapenzi ilikuwa imepigwa msingi. Walimjengea kitu cha kuachwa.

Elkana aliita kamati. Walikuja wote kumi wenye madole, wakaketi barazani kwake. Lakini Mahfudh alikuwa amewatangulia. Alipita nyumba hadi nyumba, kwa adabu ileile, akieleza kwamba atakayemtetea Bi Waridi naye aanze kushusha makuti. Wote walikaa juu ya ardhi yake.

"Tungoje Uhuru," Elkana alisema. "Ikifika Disemba mambo yatakuwa mengine."

"Oktoba inatangulia Disemba," alisema Waridi. "Mnaweza kuja siku hiyo msimame tu mlangoni pangu? Msiseme kitu. Msimame."

Mzee Ruwa alitazama dole lake gumba. Jirani yake naye akalitazama la kwake. Wakawa watu kumi wanaotazama madole, kana kwamba wino ungali mbichi. Waridi hakuwalaumu. Alikuwa anaijua sauti ya ukimya ule. Alikwisha kuikoroga yeye mwenyewe ndani ya bakuli la uji.

Siku ya mwisho ya Oktoba walikuja wawili tu, Dhahabu, kisha Elkana na mkokoteni, hamwangalii mtu usoni. Waliteremsha boriti. Makuti yalikuwa yameoza, wakayaacha. Mlango ukatoka na bawaba zake. Waridi alipanda juu ya kinu akajaribu kung'oa kile kibati cha namba kilichobaki ukutani. Kilipinda pembe moja, kikamkata kidole, kikakataa. Akakiacha.

"Mkono wako unatoka damu, shoga," alisema Dhahabu.

"Hata sugu zimenitoroka," alijibu. Akafuata mkokoteni.

Dhahabu alimpa kibanda cha uani, kilichokuwa cha mbuzi. Mlango wa Waridi ulikuwa mkubwa kuliko ukuta mzima wa mbele, ikabidi uegemezwe tu. Humo akaendelea kukohoa na kushona. Mwezi wa Novemba dalali mmoja alikuja kuagiza viungo mia mbili, hataki kusema vya nani. Waridi alimuuliza upana wa paa. Dalali alipoutaja, akalitambua paa lake.

Alikubali. Alivishona vyote mia mbili, na mia moja sabini na tano vilikuwa kama vyake vya siku zote. Ishirini na vitano alivishona kwa mkono mwingine, kamba legelege, majani machache, akavifunga fungu moja. Dalali alipokuja na fundi wake, Waridi alimwambia fundi, kwa sauti tamu, "Hivi ni bora kabisa, baba. Viweke pembe ya kibla, safu ya tano mpaka ya tisa, ndipo mvua inapopigia." Atakayeweka kitanda pale, alisema moyoni, alale majini. Alimfikiria karani fulani wa Mahfudh, mnene, wa miwani. Siku kadhaa alichekelea peke yake, akikohoa.

Bendera ikabadilika. Watu waliimba mpaka sauti zikawakauka, na Mzee Ruwa alidai alicheza ngoma siku tatu pasi na kuketi. Siku ya nne mvua ikanyesha, na asubuhi yake akaja kibandani mwanamke kijana wa Kikamba, leso imelowa, na mtoto mchanga kifuani anakohoa.

"Hodi mama. Naitwa Mueni. Mume wangu anafanya kazi kwa matangi, Changamwe. Nimeambiwa wewe ndio unashona makuti."

"Mimi. Karibu. Huyo mtoto ana nini?"

"Baridi. Tumepanga ile nyumba ya mawe hapo mbele, ile ya Mahfudh. Inavuja. Nyumba mpya, kodi ya pango kubwa, na inavuja!"

"Kwa nini kubwa?"

"Ati kwa sababu haitozwi kodi ya nyumba. Kuna kibati mlangoni, miaka mitatu bado imebaki. Mwenyewe anasema hiyo faida lazima ilipiwe." Mueni alimhamishia mtoto bega la pili. "Inavuja juu ya kitanda, mama. Tumekiweka pale pembeni. Usiku wote nimemfunika huyu na sufuria."

Waridi aliweka chini ufito aliokuwa ameushika. Alimtazama mtoto. Alikohoa mtoto, akakohoa yeye, kama watu wawili wanaosalimiana.

Akachagua viungo ishirini na vitano katika vile alivyokuwa ameshona kwa ajili ya mtu mwingine, vya kamba ya kubana, akajitwika. Walikwenda katika manyunyu. Mlangoni alisimama chini ya kibati kilichopinda pembe moja. Mueni alikuwa ameingia tayari, anasogeza vyombo.

"Hodi," alisema Waridi.

"Karibu, mama. Karibu ndani, usiogope."

Aliingia. Mume wa Mueni alikuwa juu ya ngazi, anapapasa makuti, hajui aanzie wapi.

"Safu ya tano kutoka ukutani, baba," alisema Waridi. "Hesabu mpaka ya tisa. Vitoe vyote."

"Umejuaje, na hujapanda?" Mueni aliuliza.

"Tangu nilipozaliwa najua," alisema Waridi, akaanza kumpandishia viungo, kimoja kimoja, huku maji yakimdondokea usoni.